Mshenga Asiyelipwa

Dada yangu huua protini kwa mshahara.
Hupanda basi la saa moja na robo, sandwichi ya jibini mfukoni,
huteremka kilimani, huvaa koti jeupe lenye doa la wino,
huua mpaka jioni.

Mimi ni fundi bomba. Nilikuwa.
Kwa hiyo alinieleza kifundi, mezani jikoni,
kwa mirija miwili ya juisi na kipande cha uzi:
"Mkono huu unamshika kaidi.
Huu unamshika karani wa mihuri.
Uzi ni wa kuwakutanisha."
Uzi mfupi, wanagongana vichwa.
Mrefu, kila mmoja anatazama upande wake.
Walijaribu nyuzi ishirini na sita, miaka miwili,
mpaka wakafika atomu kumi na moja.
Nikacheka. Hata mimi nimewahi kurudi dukani mara tatu
kwa ajili ya nusu inchi.

Dawa zangu za zamani huziba tundu la ufunguo tu,
hukaa mlangoni kama mlinzi wa usiku;
zikisinzia, mwizi huyo, na ufunguo mpya.
Lakini huyu, nambari 417,
hazibi. Hapigani. Ni mshenga.
Anabisha hodi, anamleta karani,
karani anagonga muhuri, na mwingine, na mwingine,
mihuri inaning'inia mgongoni kama mkia,
na ndani ya seli liko pipa lenye meno
lisilouliza jina la mtu, linasoma muhuri.
Kaidi anaingia mzima, anatoka vipande,
vipande vinakwenda kujenga kitu kingine.
Na mshenga? Halipwi, hali pilau, hafi.
Anafuta viatu, anabisha nyumba ya pili.

Kikulacho ki nguoni mwako.
Changu kimepita nguo, kimepita ngozi,
ki ubohoni, kimeandikwa
kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Jumatano alirudi hana rangi usoni.
Walikuwa wameongeza dozi mara kumi,
na ule mstari mweusi pichani, uliokwisha futika,
ukarudi. Mnene.
Daktari Lorimer akasema, umekosea vipimo, Ishbel, rudia.
Akarudia. Ukarudi.
Usiku ule tulikaa bila kuwasha taa,
mvua ya mto Tay ikipiga dirisha kwa ubavu,
mpaka aliposema, kama mtu anayejisemea:
"Washenga wamezidi.
Mmoja kakaa kwa bwana harusi, mwingine kwa bibi harusi,
kila mkono umeshikwa,
hakuna aliyebaki wa kuwaunganisha."
Akainuka, akala viazi baridi
akiwa amesimama, kwa vidole, vyote.

Nilimwomba mara moja tu:
niletee tone.
Alikuwa anaosha kikombe. Aliendelea kukiosha
kupita kikombe kinavyohitaji.
"Chupa imeandikwa, Struan. Kwa utafiti pekee.
Hiyo si dawa. Ni swali."
"Na jibu?"
"Seli kwenye sahani. Bado panya. Bado mbwa.
Bado watu wenye kalamu."
Akanipa kikombe nikipanguse.
Nikakipangusa.

Mwezi uliopita hospitali walinipa fomu.
Nikatia saini: mirija mitatu ya damu yangu
iende kwa watafiti, bila jina, na nambari tu.
Sikumwambia. Yeye naye hakuniuliza
kwa nini nina plasta mkononi,
na Ishbel ni mtu wa kuuliza hata bei ya chumvi.

Leo amechelewa. Shakwe walikwisha maliza
kugombania mifuko ya chipsi pale kituoni
nilipoliona basi lake likikata kona.
Aliingia na koti, hakulivua, akakaa.
"Kuna sampuli moja," alisema, akaukaribisha
ukucha wa kidole gumba na wa shahada,
ukabaki mwanya wa karatasi.
"Mstari umefifia, hivi."

Aaji ilikuwa inachemka. Nikaizima.
Nambari sikuiuliza.